Pima Kabla ya Kufunga: Nafasi ya Oili kati ya Krenki na Metali

Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi na wajumbe wa kamati za miradi za sharika pamoja na wahisani, katika karakana ya mafunzo



Katika ratiba imeandikwa kwamba nitatoa taarifa ya maendeleo ya karakana. Taarifa ya jumla mnayo mikononi, nami sitaisoma neno kwa neno. Badala yake naomba nitumie muda niliopewa kujibu swali moja lililoletwa kwa maandishi na kamati mbili za sharika. Swali lenyewe linasema: "Pikipiki ile ya zamani ilishushwa injini tangu mwezi wa tatu. Metali mpya zimeshanunuliwa na risiti tumeziona. Mbona injini haijafungwa, na mbona sasa mnaomba fedha nyingine za kuchonga krenki?"

Hili ni swali la haki. Waliotoa fedha wana haki ya kujua kwa nini kazi imesimama. Jibu fupi ni kwamba tulipima, na vipimo vikatukataza kufunga. Jibu refu ndilo nitakalolitoa sasa, ili kila mjumbe akirudi usharikani aweze kulieleza mwenyewe.

Injini tunayoizungumzia

Kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo mwanzoni, pikipiki hii ni Triumph ya Uingereza, mtindo wa mwaka 1966, yenye silinda mbili na ukubwa wa sentimita za ujazo 649. Ilitengenezwa Meriden, karibu na mji wa Coventry, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1983. Ilikaa miaka mingi katika stoo ya kituo kimoja cha zamani. Wahisani wetu walipoiona walishauri isiuzwe kama chuma chakavu. Walitoa fedha ili wanafunzi waijenge upya, kisha iuzwe kwa wapenzi wa pikipiki za kale, na mapato yanunue vifaa vya karakana. Kwa hiyo yapo mambo mawili ya kuangalia: fedha za watu, na usalama wa mtu atakayeipanda.

Ndani ya injini hii pistoni mbili hupanda na kushuka kwa pamoja. Kila pistoni imeshikwa na konrodi, yaani mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki. Krenki ni mhimili unaogeuza mwendo wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka. Mahali konrodi inaposhika krenki huitwa shingo ya krenki. Krenki hii ina shingo mbili za namna hiyo.

Konrodi haikai moja kwa moja juu ya shingo. Katikati kuna metali, yaani vipande viwili vyembamba vyenye umbo la nusu duara, mgongo wa chuma na uso wa madini laini meupe. Nusu moja hukaa kwenye konrodi, nusu ya pili kwenye kifuniko chake, na boliti mbili hukaza vyote pamoja kuizunguka shingo. Metali ndizo zinazochakaa na kubadilishwa, ili krenki yenye bei kubwa ibaki salama.

Kwa nini tunaacha nafasi

Wengi hudhani kwamba metali nzuri ni ile inayobana shingo kabisa. Sivyo. Kati ya shingo na metali lazima ibaki nafasi ndogo ya kupitisha oili. Injini ikizunguka, shingo huvuta oili na kuisukuma chini yake kama kabari, na hiyo kabari ya oili ndiyo inayobeba mzigo. Injini ikiwa nzima na inafanya kazi, shingo na metali hazigusani, zinateleza juu ya oili.

Kwa injini hii kiwanda kiliagiza nafasi isiyopungua inchi 0.0005 na isiyozidi inchi 0.0020. Kwa milimita ni kama 0.013 hadi 0.051. Chukueni karatasi moja ya taarifa mliyonayo. Karatasi ya kawaida ya ofisi, ile ya gramu 80, ina unene wa karibu milimita 0.1. Basi nafasi kubwa kabisa inayoruhusiwa ni nusu ya unene wa karatasi hiyo, na nafasi ndogo kabisa ni kama sehemu yake moja ya nane. Macho hayawezi kuiona, wala kidole hakiwezi kuihisi kwa uhakika. Ndiyo maana tunahitaji kifaa.

Sasa angalieni kazi inayofanyika katika nafasi hiyo. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 83 kila sekunde. Uso wa shingo, yenye kipenyo cha kama milimita 41, unateleza ndani ya metali kwa mwendo wa karibu mita 11 kwa sekunde, ambao ni sawa na kilomita 39 kwa saa. Wakati huo huo pistoni inasukumwa chini kwa moto na kuvutwa juu tena, bila kupumzika.

Nafasi ikiwa ndogo mno, oili haipati mahali pa kupita. Joto linapanda, madini meupe yanalainika na kushikana na shingo, na injini inakwama. Injini ikikwama pikipiki ikiwa kwenye mwendo, gurudumu la nyuma nalo hukwama. Mpandaji asipowahi kubana klachi, ataburuzwa.

Nafasi ikiwa kubwa mno, oili inatoroka pembeni. Mgandamizo wa oili unashuka, na konrodi inaanza kugonga shingo kama nyundo. Huo ndio mlio ambao mafundi wetu wakiusikia husema injini inanoki. Akiendelea kuendesha hivyo, boliti za konrodi zinachoka na kukatika, na konrodi inaweza kutoboa ukuta wa injini na kutokea nje. Hapo hamna tena pikipiki ya kuuza.

Jambo moja zaidi linahitaji kueleweka, maana ndilo lililotuamua. Oili inayotoroka haiongezeki kwa kiasi kile kile nafasi inavyoongezeka. Nafasi ikiongezeka mara mbili, oili inayopita huongezeka karibu mara nane. Tena katika injini hii shingo zote mbili zinalishwa na pampu moja kupitia njia moja inayoingilia upande wa kulia wa krenki. Shingo moja ikimwaga oili, ile nyingine inakaa na njaa, hata kama yenyewe ni nzima.

Namna mbili za kupima

Wanafunzi wetu wamefundishwa namna mbili, na zote mbili zilitumika.

Namna ya kwanza ni ya uzi wa plastiki unaouzwa kwa jina la Plastigauge. Ni uzi laini mwembamba wenye unene maalumu. Shingo na metali zinafutwa oili yote, kwa sababu uzi huu huyeyuka katika oili. Kipande cha uzi kinalazwa juu ya shingo kwa kufuata urefu wake, kifuniko cha konrodi kinarudishwa, na nati zinakazwa kwa nguvu ile ile iliyoandikwa katika kitabu cha kiwanda, kwa kutumia spana yenye kipimo. Krenki isizungushwe hata kidogo. Kisha kifuniko kinafunguliwa tena. Uzi umebanwa ukawa bapa, na upana wake unalinganishwa na alama zilizochapwa kwenye bahasha yake. Ukiwa mpana, nafasi ni ndogo. Ukiwa mwembamba, nafasi ni kubwa. Uzi wa rangi ya kijani unapima kuanzia inchi 0.001 hadi 0.003. Ukitanuka kupita alama pana kuliko zote, maana yake nafasi iko chini ya inchi 0.001, na uzi hauwezi tena kukwambia ni chini kiasi gani.

Uzi huu ni wa bei ndogo na una faida yake. Lakini unapima mahali pale tu ulipolazwa. Naomba neno hilo mlishike, tutalirudia.

Namna ya pili ni ya maikromita. Shingo inapimwa kipenyo chake kwa maikromita ya inchi 1 hadi 2 yenye uwezo wa kusoma sehemu moja ya elfu kumi ya inchi. Inapimwa mara nne: karibu na ncha moja na karibu na ncha ya pili, na kila mahali kwa mielekeo miwili inayokingamana. Vipimo vya ncha mbili vikitofautiana, shingo imechongoka. Vipimo vya mielekeo miwili vikitofautiana, shingo imekuwa yai, yaani si duara tena.

Baada ya hapo metali mpya zinafungwa kwenye konrodi, nati zinakazwa kama kitabu kinavyoagiza, na tundu linapimwa kwa geji ya ndani kwa kufuata urefu wa konrodi. Halipimwi karibu na mahali nusu mbili zinapokutana, kwa sababu hapo metali hutengenezwa nyembamba kidogo, na kipimo chake hudanganya. Mwisho ni hesabu ya darasa la tatu: tundu ukitoa shingo, unapata nafasi.

Kuna masharti ambayo mwalimu wa karakana hayalegezi. Maikromita inakaguliwa kwanza kwa kipande chake cha kupimia. Migongo ya metali na viti vyake vinafutwa vikavu, kwa sababu chembe moja ya uchafu nyuma ya metali inaisukuma mbele na kuharibu kipimo. Kila kifuniko kinarudi kwenye konrodi yake na upande wake, kwa kufuata alama. Na vifaa vyote vinalala usiku mmoja ndani ya chumba kile kile kabla ya kupimwa asubuhi. Wengine wameona sharti hili la mwisho kuwa ni kuringa. Lakini shingo ya milimita 41 ikiachwa juani ikawa na joto la nyuzi 20 zaidi ya maikromita, inatanuka karibu milimita 0.01. Hiyo ni kama moja ya tano ya nafasi yote inayoruhusiwa. Konrodi za injini hii ni za aloi ya aluminiamu, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Karakana yenye paa la bati haiwezi kupuuza jambo hilo.

Tulichokikuta

Kitabu kinasema shingo mpya ya krenki hii iwe na kipenyo kati ya inchi 1.6235 na 1.6240. Baada ya kufunga metali mpya za saizi ya kawaida, matundu yote mawili yalipimwa yakawa inchi 1.6250.

Shingo ya kushoto ilisomeka 1.6236, 1.6236, 1.6235 na 1.6236. Nafasi yake basi ni inchi 0.0014 hadi 0.0015. Iko ndani ya mipaka bila wasiwasi.

Shingo ya kulia ilisomeka 1.6234 na 1.6224 kwenye ncha moja, na 1.6233 na 1.6222 kwenye ncha ya pili. Nafasi yake inaanzia inchi 0.0016 na kufika inchi 0.0028. Shingo hiyo imekuwa yai kwa zaidi ya sehemu moja ya elfu ya inchi, na mahali ilipoliwa sana nafasi imepita kiwango cha juu kwa inchi 0.0008.

Sasa turudi kwenye uzi wa plastiki. Kabla ya maikromita kutumika, kijana mmoja alilaza uzi juu ya shingo hiyo hiyo ya kulia. Bila kujua, aliulaza pale ambapo shingo haikuliwa. Uzi ulisomeka kati ya alama ya 0.0015 na ya 0.0020, yaani umepita. Kwa kipimo hicho peke yake injini ingefungwa, nasi tungeandika katika taarifa ya robo mwaka kwamba nafasi ya metali imepimwa na ni nzuri. Maneno hayo yangeandikwa kwa nia njema kabisa, na pikipiki ingeuzwa ikiwa na shingo mbovu ndani.

Nilipopeleka vipimo hivi katika kikao cha utendaji, mjumbe mmoja aliuliza kwa uungwana: "Ndugu mratibu, inchi 0.0008 ni moja ya tano ya unene wa karatasi. Kweli tusimamishe kazi kwa ajili hiyo? Pikipiki yenyewe itatembea Jumapili tu." Nilimjibu hivi. Mahali palipoliwa, nafasi ya kulia ni karibu mara mbili ya ile ya kushoto, na nimeshasema oili inatorokaje nafasi ikifika mara mbili. Metali mpya haziponyi shingo iliyokuwa yai. Zinaifunika tu. Zitapondwa mahali pale pale, na mara hii zitakuwa zimeshamfikia mnunuzi aliyetuamini. Mnunuzi huyo hatajua kama ni Jumapili au Jumatatu siku gurudumu litakapokwama.

Kuchonga, na utaratibu wake

Dawa ya shingo iliyokuwa yai ni kuchongwa upya katika mashine ya krenki, kisha kufungwa metali nene zaidi zinazojaza kilichopungua. Hatua ya kwanza ya punguzo kwa krenki hii ni inchi 0.010, inayoiacha shingo kati ya inchi 1.6135 na 1.6140. Hatua ya pili ni inchi 0.020. Hatua hizi ni chache, na kila hatua ni akiba ya uhai wa krenki. Karakana moja ya mjini ilitushauri tuchonge moja kwa moja hadi 0.020, kwa sababu metali za saizi hiyo ndizo ilizokuwa nazo stoo. Tulikataa. Kuchonga inchi 0.020 mahali ambapo 0.010 inatosha ni kula mbegu za msimu ujao.

Mmeuliza kwa nini tunachonga shingo zote mbili wakati ya kushoto ni nzima. Metali huuzwa kwa seti ya saizi moja kwa konrodi zote mbili. Tukiacha shingo moja saizi ya kawaida na nyingine imepunguzwa, fundi atakayeifungua miaka ijayo atanunua seti moja na kukosea upande mmoja. Gharama kubwa iko katika kuifunga krenki kwenye mashine. Ikishafungwa, shingo ya pili inaongeza gharama kidogo.

Ili fedha zisipotee, tumeweka utaratibu ufuatao:

1. Metali za punguzo la 0.010 zinanunuliwa kwanza, kabla ya kuchonga. Zile za saizi ya kawaida, ambazo hazijatumika, zinarudishwa dukani kwa kubadilishana.

2. Metali mpya zinafungwa kwenye konrodi na matundu yanapimwa hapa kwetu. Kiwanda cha Meriden hakipo tena, na metali zinazouzwa leo zinatoka kwa watengenezaji mbalimbali. Maandishi ya kwenye boksi si kipimo.

3. Mchongaji anapewa kwa maandishi kipenyo tunachotaka, tukishatoa nafasi kwenye tundu. Kwa mfano, tundu likiwa inchi 1.6150, shingo ikachongwa kufika 1.6137, nafasi itakuwa inchi 0.0013, karibu katikati ya mipaka.

4. Kona ya shingo inapokutana na ukuta wa krenki lazima iachwe mviringo kama ilivyokuwa. Kona kali ndipo ufa unapoanzia, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. Krenki ikirudi inapimwa upya na wanafunzi kabla mchongaji hajalipwa sehemu ya mwisho.

Jambo ambalo hatutakubali ni kukwangua metali kwa kisu au kupiga tupa uso wa kifuniko ili ibane zaidi. Nimeona mafundi wazuri wakifanya hivyo kwa injini za kale za aina nyingine. Kitabu cha Triumph kinakataza waziwazi, kwa sababu metali hizi zimeshamalizwa kiwandani. Ukipiga tupa kifuniko, umeharibu konrodi yenyewe, na tundu halitakuwa duara tena.

Uchafu uliofichika ndani ya krenki

Kuna sehemu moja ya krenki hii ambayo haionekani mpaka ufungue kizibo. Ndani ya krenki kuna bomba ambamo oili hupita kabla ya kufika kwenye shingo. Krenki inapozunguka, uchafu wa oili hutupwa pembeni na kuganda ndani ya bomba hilo. Wabunifu walilitia kwa makusudi ili linase uchafu. Lakini likijaa, linaziba oili yenyewe.

Katika injini yetu bomba lilikuwa limejaa tope jeusi gumu, karibu robo tatu. Hatuna uhakika kwamba ndilo lililoua shingo ya kulia, lakini tuna uhakika kwamba metali mpya zisingedumu mbele ya bomba la namna hiyo. Tena krenki ikishachongwa, unga wa jiwe la kusagia huingia humo. Kwa hiyo kizibo kinafunguliwa, bomba linatolewa, na njia zote zinasafishwa baada ya kuchonga, wala si kabla tu. Fundi akikuambia amebadilisha metali za injini hii na hakufungua kizibo, kazi aliyoifanya ni nusu.

Pikipiki za sharika

Mnaweza kusema, hii ni pikipiki ya makumbusho, sisi tunatumia pikipiki za kawaida. Ni kweli, na hapa lazima niwe mwangalifu nisiwapotoshe. Pikipiki nyingi za wainjilisti wetu ni za silinda moja, cc 125 au 150. Injini hizo hazina metali za nusu duara kwenye konrodi. Zina beringi ya vijiti, na krenki yake imeshindiliwa vipande pamoja. Uzi wa plastiki hauwezi kutumika hapo, na mtu asije akawauzia huduma hiyo.

Kwa injini hizo fundi anatoa silinda, anaipeleka konrodi juu, anaishika na kuivuta juu na chini kwa kunyooka. Kukiwa na mchezo unaohisika wa juu na chini, beringi imekwisha. Kutikisika kidogo kwa pembeni ni kawaida, nako hupimwa kwa fila geji na kulinganishwa na kitabu. Konrodi mpya inashindiliwa kwa mashine, na krenki inanyooshwa kwa kipimo cha saa. Haigongwi kwa nyundo mpaka "ionekane" imenyooka. Kifaa kinatofautiana, lakini swali ni lile lile: umepima nini, wapi, na ukapata ngapi?

Ninachoomba kwa kamati na wahisani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Injini nayo ni mali. Kuanzia robo hii, kila injini itakayoshushwa katika karakana yetu, iwe ya dayosisi, ya usharika au ya mteja, itakuwa na karatasi yake ya vipimo. Nawaomba msiidhinishe malipo ya mwisho mpaka mmeiona. Huhitaji kuwa fundi ili kuisoma. Angalia mambo haya:

Je, kuna namba, au kuna neno "nzuri" tu? Neno "nzuri" si kipimo.

Je, kila shingo imepimwa mahali pangapi? Namba moja kwa shingo nzima haitoshi, na mfano wa uzi wetu mmeusikia.

Je, mipaka ya kiwanda imeandikwa pembeni, na ni ya injini hiyo hiyo ya mwaka huo huo?

Je, ni inchi au milimita? Inchi 0.020 na milimita 0.020 zinafanana kwa macho, lakini ya kwanza ni zaidi ya mara 25 ya ya pili.

Je, aliyepima ametia sahihi, na mtu wa pili amerudia kupima bila kuona namba za mwenzake?

Kwa wahisani wetu nina ombi moja la nyongeza. Mmekuwa wepesi kutoa fedha za vipuri, na tunawashukuru sana, kwa sababu kipuri kinaonekana na kinapigwa picha. Geji ya ndani tunayoitumia tumeazima. Maikromita tuliyonayo ni moja kwa wanafunzi wote wa darasa. Geji haitapendeza sana katika picha za jarida letu, lakini ndiyo iliyowaokolea fedha mlizotoa mwezi wa tatu. Tukipata maikromita ya pili na geji yetu wenyewe, wanafunzi wawili watapima shingo moja kila mmoja peke yake, na hapo ndipo namba inapoaminika.

Fedha za kuchonga tunazoomba zimeonyeshwa katika ukurasa wa mwisho wa taarifa, na makadirio ya karakana mbili yameambatishwa. Nyuma yake ipo karatasi ya vipimo niliyowasomea. Itazameni, na kama kuna mjumbe anayetaka kupima mwenyewe, krenki iko juu ya meza ile, imefutwa oili, na imelala humu ndani tangu jana. Kijana yule aliyelaza uzi yuko hapo pembeni. Yeye ndiye atakayewaonyesha namna ya kushika maikromita.

 Karibuni kwa maswali.